Magazini za muziki za mtumba pale Mwanjelwa, nimenunua sita

Jumamosi nilipanda bajaji mpaka Mwanjelwa, soko la hapa kwetu Mbeya, kumtafutia mdogo wangu viatu vya shule, viatu sikupata, ila pembeni ya wauza mitumba nikakuta kaka mmoja katandika turubai kajaza vitabu na magazini za zamani za nje, nyingi ni za muziki, na mimi kazi yangu ni kudizaini mabango na fulana kwenye steshenari kwahiyo karatasi yenye rangi siwezi kuipita hivi hivi. Nimeinama pale karibu saa nzima, baridi yote ile. Bei ni buku jero moja, nikamwambia kaka nachukua sita nipe kwa buku saba, akasema hapana dada'angu lete buku nane afu nakuongezea na hii. Nikamwambia ndaga, yaani asante, tukamalizana.

Nilichobeba: Kerrang! tatu, The Source mbili, Vibe moja, na ile ya nyongeza nitaisema baadae. Kulikuwa na NME pia ila ilishalowa maji kurasa zimegandana, nikaiacha na roho inaniuma maana ile ndo mkongwe wao, imeanza 1952 kule Uingereza, na mwaka huohuo ndo wakaanza kutoa chati ya nyimbo zinazouza nchini kwao. Mwaka 2015 wakaanza kuigawa bure, 2018 wakasimamisha kuchapa kila wiki. Vijana walishahamia kwenye simu.

Sasa tuongee kazi yenyewe. Kerrang! ni ya muziki wa roki, imeanza 1981, na hilo jina ni mlio wa gitaa la umeme ukilipiga kwa nguvu, yaani ni kama sisi tungeita magazini yetu Ndindindi! na alama ya mshangao juu. Hujafungua hata ukurasa tayari umeshasikia kelele. Herufi za jina zimechorwa kama kioo kilichopasuka, nyeusi, nyekundu, nyeupe, na njano kidogo kwenye vile vibandiko vya pembeni. Nimeiweka kava moja karibu na dirisha nikaiangalia vizuri: uso wa msanii umefunika herufi mbili za katikati za jina na hawajali kabisa, kwasababu msomaji wao anaijua hata akiona nusu. Macho ya yule msanii yanakuangalia wewe moja kwa moja, ukisogea kushoto yanakuangalia, ukisogea kulia yanakuangalia. Afu maneno mazito wameyapanga juu na upande wa kushoto, na hii ina sababu yake, kule kwenye maduka yao magazini zinapangwa zikilaliana kama karata, kinachobaki kinaonekana ni ile sehemu ya juu na ukanda wa kushoto. Ndo maana na sisi muuza magazeti akikunja gazeti katikati, kichwa cha habari lazima kikae nusu ya juu la sivyo umekwisha.

Ndani fujo tupu lakini ni fujo ya makusudi. Picha zimeinamishwa, maelezo ya picha ni mistari miwili ya utani, hakuna ukurasa wenye maandishi marefu mpaka macho yachoke. Na maksi za albamu kwenye hizi za zamani hawatoi nyota, wanatoa herufi K, ukipata KKKKK basi umeua. The Source wao wanatoa maiki, maiki tano ndo mwisho wa mambo. Hapa ndo nilisimama nikafikiri sana. Nyota kila mtu anatoa, hata hoteli zinapewa nyota, ila maiki ni ya watu wa hip hop peke yao, mzazi akikusikia unasema ile albamu ina maiki nne na nusu haelewi unaongea nini, na kijana anataka kitu hichohicho, lugha ambayo ukiijua wewe ni wa humo ndani. The Source yenyewe ilianza 1988 kama karatasi ya habari tu ya wanafunzi wawili wa chuo cha Harvard, waliandika vile walivyokuwa wanaongea na washkaji zao na hawakubadilisha sauti ilipokua kubwa.

Vibe ni tofauti, hii ilianzishwa na Quincy Jones, prodyuza mkubwa wa muziki wa Marekani, 1993. Imetulia. Picha kubwa nzuri, nafasi nyeupe nyingi, inaongea na kijana ambaye anataka kuonekana kakua. Kiukweli kwa dizaini ndo niliyoipenda zaidi kwa macho yangu mimi, ila sio ndo iliyoshinda, ngoja nifike.

Malalamiko yangu. Kerrang! mbili kati ya tatu posta za katikati, zile picha kubwa za kubandika ukutani, zimeshachanwa, pini zimebaki na vipande vya karatasi, na kava inakuahidi posta kwa herufi kubwa. Kagua katikati kabla hujalipa. Pini zina kutu pia, usiweke juu ya kitambaa cheupe.

Sasa nyongeza. Ilikuwa Fema ya zamani, ile ya vijana wa sekondari ya hapahapa Tanzania, wanaitoa tangu 1999 na mashuleni inagawiwa bure. Sio ya muziki, inaongelea afya, mapenzi, maisha, pesa. Nikaiweka mezani pamoja na zingine. Jioni wakaja rafiki zake mdogo wangu, wako fomu tatu, shikamoo dada, marahaba, na wote wanne mikono ikaenda kwenye Kerrang! yenye posta. Hawasikilizi roki hata mmoja. Ile kava iliwavuta kama sumaku, wakafunua funua dakika kama tano hivi, wakaangalia nywele za wale wasanii wakacheka, basi. Vibe wakaisifia picha wakaiweka chini. Mmoja akachukua Fema, akaanza kusoma kwa sauti barua ya msomaji, wenzake wakanyamaza, afu wakaanza kubishana, mwingine anasema huyo dada amekosea angemwambia mama yake, mwingine anasema we kwa mama yako unaweza kusema hayo? Chai imepoa wao bado wanabishana ukurasa uleule.

Nimekaa na hilo jambo wiki nzima. Rangi na uso vinamfanya mtu anyanyue kitu mezani, akikifungua anatafuta sauti yake mwenyewe, akiikosa anarudisha. Na sisi magazini zetu nyingi za burudani nilizowahi kununua zinaandika kama taarifa ya polisi, msanii huyo ameeleza kuwa, msanii huyo alibainisha kuwa. Nani anabainisha kijiweni? Rayvanny ni mtoto wa hapahapa Mbeya, 2017 kachukua tuzo ya BET, mtu anaandika "Msanii wa Kitanzania atwaa tuzo nchini Marekani" wakati angeweza kuandika "Mbeya, mwanenu karudi na BET!" na pale Kabwe kila mtu angegeuza shingo. Lugha tunayo, tamu kuliko hiyo ya kwao, tunaivua mlangoni tukiingia kuandika kama vile viatu vyenye tope.

Kwa anaefanya dizaini au anaetaka kuanzisha gazeti la shule, hizi zinafaa sana kwa bei hiyo, anza na Kerrang! kwa kava na The Source kwa lugha. Kama unatafuta ya kusoma tu, Kiingereza chake kina maneno mengi ya mtaani wa kwao, kitakuchosha. Kaka anakuwepo Jumamosi asubuhi, mvua ikianza anafungasha. Mimi narudi wiki ijayo, wale mabinti wamenituma nimuulize kama ana Fema zingine.