Jiokashi Uganda: GPS ipi ununue, ipi uiache dukani

Siku ya kwanza nilipotoka kucheza jiokashi, mchezo wa kutafuta kwa GPS visanduku vilivyofichwa, GPS iliniambia nimebakiza kilomita 50. Nilikuwa nimesimama katikati ya Kampala, na nilijua fika kwamba kisanduku hakizidi mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nikamwonyesha kijana wa boda ramani. Akacheka. "Boss, huko ni Kayunga. Twende, ila tuelewane bei kwanza."

Kosa lilikuwa langu. Simu ilinipa kodineti, yaani namba zinazotaja mahali, kwa digrii zenye desimali, 0.3476 na 32.5825. Mimi nikaziandika kwenye GPS kana kwamba ni digrii na dakika: N 00° 34.76, E 032° 58.25. Tarakimu ni zilezile, mahali ni pengine kabisa. Jiokashi hutumia digrii, kisha dakika zenye desimali tatu. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo unachukua zile desimali, unazidisha mara 60: 0.3476 inakuwa N 00° 20.856, na 32.5825 inakuwa E 032° 34.950. Nimeanza na hili kwa sababu hata ukinunua kifaa cha dola 600, ukikosea hapa utaishia Kayunga vilevile.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kisanduku chenye daftari ndani, anaandika kodineti zake mtandaoni, wengine wanakwenda kukitafuta. Ukikipata unatia jina na tarehe kwenye daftari, unakirudisha palepale. Ukichukua kitu kilichomo, unaacha kingine cha thamani hiyohiyo au zaidi. Ulianza Mei 2000. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa GPS ya raia, na usiku wa kuamkia tarehe 2 ikaacha. Siku iliyofuata Dave Ulmer akafukia ndoo msituni kule Oregon, akatangaza kodineti zake, na ndani ya siku chache ndoo ikapatikana. Leo visanduku duniani ni zaidi ya milioni tatu. Fungua akaunti ya bure kwenye Geocaching.com, tazama ramani ya eneo lako, chagua chenye ugumu wa kukitafuta 1 na ugumu wa ardhi ya kukifikia 1 (vipimo vyote viwili hufika 5), kisha beba kalamu yako mwenyewe. Visanduku vingine ni vidogo kama kopo la filamu ya kamera, kalamu haiingii.

Kabla ya pesa, fikiria macho ya watu

Miongozo iliyoandikwa Ulaya haina sehemu hii, nami naona ndiyo inayoamua ununue nini. Huku kwetu, mtu anayetembea vijijini na kifaa chenye antena, akisimama, akitazama chini, akirudi nyuma hatua tatu, akiandika kitu, ni mtu mmoja tu: amekuja kupima ardhi. Na ardhi Uganda si jambo la mzaha. Ongeza kwamba unazungumza Kiswahili, lugha ambayo wazee wengi wa Buganda bado wanaisikia kama lugha ya askari, hapo umemaliza. Niliwahi kuzungukwa na akina mama watano wenye majembe. Hawakunitisha, walitaka tu kujua ni nani amemuuzia nani.

Kwa hiyo kijijini ninaanzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Ninamsalimu, ninakaa, ninaeleza kwamba ni mchezo, ninampa GPS aishike mwenyewe. Akiishaicheka, kijiji kizima kimeshajua. Nako mjini usiinameinamie karibu na kituo cha polisi, ubalozi au stendi ya taksi. Tangu mabomu ya Julai 2010, kisanduku kisicho na mwenyewe hakimfurahishi mtu Kampala. Siku utakapoficha cha kwako, tumia chombo kinachoonyesha ndani, na kibandike karatasi inayosema ni kitu gani. Shinani mwa mti mkubwa pia paache. Sina haja ya kueleza watu watakisia nini wakikuona unafukia kitu hapo.

Baada ya hayo, huu ndio mpangilio wangu, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

1. Simu uliyo nayo

Hakuna anayemshangaa mtu anayetazama simu. Hiyo peke yake inaipa nafasi ya kwanza kwa mjini na kwa miezi yako miwili mitatu ya mwanzo. Kwenye uwazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita tano, na hiyo inatosha, maana aliyeficha naye alikuwa na kosa lake. Ukibakiza mita kumi, tia kifaa mfukoni utumie macho: jiwe lililokaa vibaya, rundo la vijiti lililonyooka kupita kiasi.

Watu wengi huamini kwamba GPS inakula bando. Haili. Simu inapokea tu mawimbi kutoka kwenye satelaiti zilizo umbali wa kama kilomita 20,000 juu. Kinachokula bando ni ramani. Kwenye Android weka c:geo, ambayo ni ya bure. Shusha ramani na maelezo ya visanduku ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi, kisha utaweza kuzima data mpaka urudi.

Udhaifu wake ni betri kuisha haraka, mvua ya Aprili, na vijana wa pikipiki wanaonyakua simu mkononi barabarani. Jibu la ule wa kwanza ni pawabenki. La tatu ni kusimama na mgongo ukutani kila unapoitazama.

2. Garmin eTrex 22x

Ukishapata visanduku ishirini na bado unautaka mchezo, hii ndiyo ya kununua. Bei yake ilipotoka mwaka 2019 ilikuwa dola 200, yaani kama laki saba na ushee, na kabla haijafika mkononi mwako kuna usafiri na VAT ya asilimia 18. Usisahau hizo mbili unapolinganisha bei ya mtandaoni na ya dukani Kampala. Mara nyingi duka linaloonekana ghali si ghali.

Ninaipendea betri. Inatumia mbili za AA, zile za tochi ambazo Waganda wanaziita *amanda*, makaa. Duka lolote lenye sukari na sabuni litakuwa nazo, hata ukiwa umepotelea Karamoja. Kiwanda kinasema zinakwenda saa 25. Za bei ya chini kabisa hazifiki huko hata kidogo, na zikiachwa ndani hutoa ule ukungu wa kijani. Nunua nne za kuchaji, kisha ingia kwenye menyu uiambie GPS kwamba ni za kuchaji, la sivyo itakulilia kwamba zimekwisha ilhali zimejaa nusu.

Jambo la pili ni ramani. Ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na ramani za OpenStreetMap zinapatikana bure katika muundo ambao Garmin inausoma. Uganda imechorwa vizuri humo, mpaka njia za miguu katikati ya migomba. Ramani iliyokuja na kifaa ukiilinganisha na hiyo, utaona aibu kwa niaba ya kiwanda.

Kasoro zake ni mbili. Haina dira ya kielektroniki, kwa hiyo mshale unaonyesha kweli pale tu unapotembea. Ukisimama unaanza kuzunguka kama mlevi, na mgeni huufuata mpaka kichakani. Dawa ni kutembea hatua kumi na tano kwa mstari ulionyooka, kisha ndiyo uuamini. Ndugu yake, eTrex 32x, ana dira na kipimamwinuko, lakini alitoka kwa dola 300, na kwa mchezo huu sioni sababu ya kulipa mia zaidi ili mshale utulie. Kasoro ya pili ni tundu la kebo: mini-USB, ile ya kamera za zamani. Kebo ya simu yako haiingii. Hakikisha imo kwenye boksi kabla hujatoka dukani.

3. Garmin eTrex SE

Ilitoka 2023 kwa dola 150, na kiwanda kinaitaja kwa saa 168 kwa betri mbili za AA. Hiyo ni wiki nzima bila kuzima. Skrini ni nyeusi na nyeupe, inasomeka juani kuliko nyingi za rangi, na inapokea GPS na mifumo mingine ya satelaiti: GLONASS, Galileo na BeiDou. Niliyumba sana kabla ya kuiweka ya tatu. Kilichoishusha ni kwamba haina ramani. Utapata mshale na umbali, basi, na mshale haujui kwamba kati yako na kisanduku kuna kinamasi. Mafunjo yetu yanaficha maji mengi. Visanduku vipya nao inavipokea kupitia simu, hivyo simu bado unaibeba.

Kama bajeti ni finyu na hukasiriki kutoa simu kwa ajili ya ramani, ibadilishe nafasi na ya pili, sitabishana nawe. Kuna pia eTrex Solar, ya jua. Jua tunalo, ila betri yake haitoki, na chini ya miti jua halifiki.

4. Garmin GPSMAP 65

Hii ni ya msitu. Ingia Mabira, pale barabara ya Jinja inapokatisha katikati ya miti, utaona simu inavyotangatanga: mita 8, mita 25, mita 12, nawe hujasogea. Majani mabichi hupunguza mawimbi, na mengine hugonga shina kwanza ndipo yakufikie, yamechelewa, na kifaa kinadhani satelaiti iko mbali zaidi. GPSMAP 65 inasikiliza masafa mawili badala ya moja, hivyo inayatambua vizuri zaidi mawimbi yaliyogonga pembeni. Inatumia AA pia, lakini saa 16 tu. Na ile antena yake iliyochomoza ndiyo hasa inayofanya watu waulize umetumwa na nani. Ilitoka kwa dola 350. Nikienda msituni huiazima kwa rafiki, sijawahi kutamani kuimiliki.

5. Garmin GPSMAP 67 na 67i

Dola 500 na 600 zilipotoka. Betri ya ndani, hadi saa 180 kwa 67, skrini kubwa. 67i hutuma ujumbe na kuita msaada kwa satelaiti mahali pasipo na mtandao, kwa malipo ya usajili. Kama unapanda Rwenzori kuelekea Margherita, mita 5,109, una sababu. Kwa kutafuta kopo nyuma ya bango la barabarani Entebbe, huna.

Kuhusu za mtumba

Huku ndiko wengi wetu tunakoanzia, maana miradi ikiisha na wapima ardhi wakibadilisha vifaa, GPS za zamani zinabaki kwenye kabati. Nyingi bado ni nzima. Iwashe nje, si dukani, uiache ipate satelaiti, halafu tazama tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu wiki, na hesabu hiyo hurudi sufuri kila baada ya wiki 1,024. Mara ya mwisho ilikuwa 6 Aprili 2019. Vifaa vikongwe vinaweza kuonyesha tarehe ya karibu miaka ishirini nyuma. Mahali bado patakuwa sahihi, lakini utakuwa umepata hoja ya kupunguza bei. Fungua pia sehemu ya betri, ukwaruze kwa ukucha. Ukiona unga wa kijani, irudishe.

Jaribio lingine, ukiwa na safari ya Masaka: shuka Kayabwe, pale kwenye duara la ikweta ambapo watalii hupiga picha, utembee taratibu kuelekea kusini mpaka N ibadilike kuwa S. Ni mchezo tu, lakini utakufundisha kuitazama hiyo herufi. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, na mtu aliyezoea kuandika N kila siku Kampala ataiandika N hata akiwa Masaka, kisha ashangae.

Yangu ya kwanza niliinunua kwa mzee mmoja mstaafu aliyefanya upimaji maisha yake yote. Aliitunza kama yai, na ngozi yake, na kamba yake. Nilikwenda nayo ufukweni mwa ziwa kutafuta kisanduku ambacho watu walikuwa wamekipata wiki ileile. Nilichakura asubuhi nzima, sikuona kitu. Siku ya pili vilevile. Nikampigia simu. Akasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Kwenye datum umeweka nini, mwanangu?" Sikujua hata kama kuna kitu kinaitwa hivyo. Nikaingia kwenye menyu. Iliandikwa Arc 1960, mfumo wa ramani zetu za zamani za upimaji, aliokuwa akiutumia kazini. Jiokashi hutumia WGS 84, na kwa hapa kwetu tofauti ya mifumo hiyo miwili ni karibu mita 300. Nikaibadilisha, nikaandika kodineti upya, umbali kwenye skrini ukaruka palepale, na nilikikuta kisanduku chini ya jiwe ambalo nilikuwa nimelipita asubuhi zote mbili.