Kutoka Kimea cha Kopo Hadi Nafaka Yenyewe: Chombo Gani Ununue Ukiwa Mtwara au Lindi

Mtu aliyekwisha kupika bia nyumbani kwa kimea cha kopo au cha unga (sukari ya kimea iliyokwisha kutolewa kwenye nafaka kiwandani) ana karibu kila kitu: ndoo ya kuchachushia, haidromita ya kupimia sukari, mpira wa kuhamishia, chupa na kifaa cha kufungia vizibo. Akihamia kwenye nafaka yenyewe inaongezeka kazi moja tu. Kimea kilichoparazwa kinalowekwa saa moja kwenye maji ya nyuzi 63 hadi 68 ili wanga ugeuke sukari, kisha maji ya kimea yanatengwa na machicha.

Chombo cha kazi hiyo moja ndicho kinachomaliza fedha za watu bure. Mtandaoni utaonyeshwa mapipa matatu ya chuma yanayong'aa, pampu na stendi yake, kama vile bila hayo bia haiivi. Wapika pombe ya mtama wa huku Kusini wanafanya kazi ileile kwa pipa, chungio na subira. Nimepanga njia tano kwa jinsi ningemshauri ndugu yangu, nikiangalia bei, kinachopatikana sokoni kwetu, na hili joto la pwani ambalo miongozo ya Ulaya hailijui.

Neno la sheria kabla ya vyombo: haya ni ya kunywa nyumbani. Ukitaka kuuza, fuata leseni. Na kugeuza chombo chochote kati ya hivi kuwa mtambo wa gongo ni kosa jingine kabisa.

Piga hesabu yako kwanza

Mikononi mwa anayeanza, kilo 1.8 hivi za kimea cha shayiri hutoa sukari sawa na kilo 1 ya kimea cha unga. Lita 10 za bia yenye kilevi cha asilimia 5 zinataka kilo 2.4 za nafaka, au kilo 1.3 za unga. Kwa kawaida kilo ya unga huuzwa zaidi ya mara mbili ya kilo ya nafaka, kwa hiyo nafuu ipo, ila kwa lita 10 si ya kukutajirisha. Chukua bei uliyopewa na muuzaji wako, ongeza nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam maana nafaka ni nzito kuliko unga, utoe tofauti. Bei ya chombo unachokitamani igawanye kwa tofauti hiyo, utaona utapika mara ngapi kabla fedha haijarudi. Wengi wakifika hapo hamu ya mapipa ya chuma inapungua yenyewe.

Faida ambayo hesabu hiyo haionyeshi ni uhifadhi. Kimea cha kopo hubadilika rangi na ladha kikikaa kwenye joto, na stoo zetu ni za joto mwaka mzima. Nafaka nzima, ambayo haijaparazwa, hukaa miezi mingi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, mradi unyevu na fukusi visiingie. Agiza kabla ya masika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na aliyekuwa na akiba yake hakuwa na la kusubiri.

1. Mfuko wa kitambaa ndani ya sufuria moja kubwa

Hii ndiyo ya kwanza, na inaziacha nyingine mbali. Wapikaji wa nyumbani wa Australia ndio walioieneza miaka ya 2000. Unapasha maji yote kwenye sufuria, unatandika mfuko ndani, unamwaga kimea, unakoroga mpaka madonge yaishe, unafunika na kuzungushia blanketi. Baada ya saa moja unainua mfuko, unauning'iniza utiririke, unaukamua, kisha unawasha moto na kuchemsha na hopsi, yale maua ya kutia uchungu na harufu, kama ulivyozoea. Hakuna chombo cha pili wala koki.

Mfuko usiagize nje. Nunua shela ya pazia ya poliesta, ile inayopitisha mwanga lakini haipitishi punje, mpelekee fundi cherehani na vipimo vya sufuria yako. Mwambie ashone mara mbili na aweke mikanda minne ya kushikia inayopita chini ya kitako, kwa sababu kilo mbili na nusu za kimea zikishalowa zinakaribia uzito maradufu, na mshono dhaifu ukiachia utaokota machicha kwa upawa. Usikubali kitambaa chenye nakshi za kung'aa au rangi inayotoka. Chemsha mfuko mtupu mara moja kabla ya kuutumia.

Fedha yenyewe iende kwenye sufuria, na ukubwa wake usikisie. Lita 10 za bia zinaanza na maji lita 16 hivi: 10 za kunywa, 1 itakayobaki na mashapo chini, 3 zitakazoondoka na mvuke kwa saa moja, na karibu 2 zitakazonywewa na nafaka. Kimea chenyewe kinachukua nafasi ya lita 1.6. Umeshafika karibu 18 kabla povu halijapanda. Kwa hiyo lita 10 zinataka sufuria ya lita 25, na lita 20 zinataka ya 40. Ya lita 20 unayoiona nafuu itakulazimisha kupunguza bia au kufuta jiko.

Alumini inafaa, usitishwe. Sufuria mpya ichemshe na maji matupu kwanza ipate ule weusi wa kijivu ndani, na baadaye usiisugue kwa steelwire mpaka ing'ae, kwa kuwa utando huo ndio kinga yake. Wapo wanaokodi sufuria za shughuli ili wajaribu kabla ya kununua. Wazo zuri, lakini sufuria iliyopikiwa pilau miaka kumi ina mafuta kwenye kila kovu, na mafuta huua povu la bia. Ukikodi, ioshe kwa sabuni na maji ya moto zaidi ya unavyoona inatosha.

Joto letu hapa ni rafiki. Mwongozo wa Uingereza utakuambia upashe maji nyuzi nyingi juu ya lengo kwa sababu nafaka yao imetoka kwenye baridi. Yetu iko kwenye nyuzi 28 hadi 30 tayari. Kwa lita 16 za maji na kilo 2.4 za kimea, ukitaka 66 pasha maji hadi 68 tu. Ukifuata kipimo chao utapitiliza. Blanketi likishawekwa, moto hauhitajiki tena hadi saa ya kuchemsha, jambo zuri kwa anayetumia mkaa, ambao hauna kitufe cha kupunguza.

2. Nusu kwa nusu

Wengine hawataihesabu hii, lakini kwa mwenye bajeti ndogo kweli naiweka ya pili. Tumia sufuria uliyonayo, hata ya lita 10, na mfuko mdogo. Loweka kilo 1 ya kimea kwenye lita 4, suuza kwa lita 2 za maji ya moto, kisha malizia sukari iliyopungua kwa kimea cha unga. Unajifunza joto, kuparaza na kuchuja bila kununua chochote cha maana, na ladha ya nafaka yenyewe inaanza kuonekana kwenye glasi. Hasara yake ni kwamba unga bado unanunua.

3. Deli lenye koki na wavu

Deli la plastiki lenye kuta nene, lile la wauza samaki na barafu, linatunza joto kuliko sufuria yoyote. Lita 30 zinatosha kilo 5 za kimea, yaani lita 20 za bia. Kwenye tundu la kutolea maji unafunga koki, na ndani unaunganisha wavu wa chuma kisichoshika kutu, unaoupata kwa kukata bomba linalonyumbulika la sinki na kuchomoa mpira wake. Fundi bomba yeyote wa Mtwara mjini ataelewa ukimchorea.

Lazima liwe jipya. Deli lililobeba samaki kutoka Mikindani lina harufu ambayo magadi wala limao haliitoi, na maji ya nyuzi 70 yataiamsha. Yale maboksi meupe ya povu usiyaguse. Hujikunja kwenye moto na hayaoshiki.

Hapa uji ni mzito zaidi, lita 3 za maji kwa kilo, kwa hiyo maji yaanze kwenye 71 ili utue kwenye 66. Lita za kwanza zitatoka na ukungu, zirudishe juu taratibu mpaka zitakate. Kisha suuza kwa maji yasiyozidi 77, kwani yakizidi hapo maganda hutoa ukakasi. Kimea kikisagwa laini wavu unaziba na mchana wako umekwisha. Kiganja cha maganda ya mpunga yaliyooshwa na kuchemshwa, ukichanganya na kimea, husaidia sana.

Mbona ya tatu, basi? Kwa sababu sufuria kubwa ya kuchemshia bado unaihitaji, na chombo cha tatu cha kupashia maji ya kusuuzia. Deli linaongezwa juu ya njia ya kwanza, na linamfaa anayepika lita 20 kila mwezi.

4. Ndoo mbili, ya ndani ikiwa na matundu

Ndoo moja unaitoboa kitako matundu mengi ya milimita 3, unaipachika ndani ya nyingine yenye koki. Ni rahisi na inachuja vizuri, ila joto linakimbia na ndoo nyingi za sokoni hazikutengenezwa kwa maji ya nyuzi 70. Kama huna ndoo za chakula zenye plastiki nene, pita.

5. Mashine ya umeme

Grainfather ya New Zealand na BrewZilla ya Australia ni vyombo vizuri. Kila kitu kiko ndani ya silinda moja: moto, pampu, kipimajoto. Zinakula kilowati 2 na ushee, na kupika lita 20 kunamaliza yuniti 5 hivi za LUKU. Hilo si tatizo. Tatizo ni umeme ukikatika katikati ya kuchemsha, pampu ikifa na kipuri kiko nje ya nchi, na waya mwembamba wa ekstensheni unaoyeyuka chini ya mzigo huo. Kwa bei ya mashine moja unapata sufuria, mfuko, mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko lake, na kimea cha kukutosha muda mrefu.

Kuparaza, kupima, kupoza

Mashine ya unga wa ugali itakutolea unga, na unga haufai. Tafuta mashine ya kuparaza chakula cha kuku, mwambie mwenyewe alegeze, na apitishe kwanza kiganja cha kimea chako ili mabaki ya dagaa na mashudu yatoke. Unataka punje ivunjike vipande vitatu vinne na ganda libaki. Kwa kilo mbili, kinu na mchi pia vinafanya kazi. Mfuko unasamehe mengi.

Kipimajoto usikwepe gharama. Kijaribu kwenye maji yanayochemka: Mtwara mjini na Lindi mjini kisome 100, Newala juu kwenye nyanda za Wamakonde takribani 98. Nunua pia ayodini duka la dawa. Tone moja kwenye kijiko cha maji ya kimea, juu ya sahani nyeupe: likigeuka bluu-nyeusi wanga bado upo, subiri.

Kimea cha mtama kinavutia kwa kuwa kiko karibu, lakini usikiweke peke yake kwa vipimo hivi. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto la juu kuliko hilo. Upike kwanza kama uji, kisha uchanganye na shayiri, robo kwa robo tatu.

Koili ya shaba ya kupozea usinunue. Maji ya bomba yenyewe yana nyuzi 27 au zaidi, hayawezi kushusha bia chini ya hapo, na Newala ambako maji yamekuwa shida kwa vizazi, kumwaga lita 60 ili upoze 20 ni aibu mbele ya majirani. Nunua dumu jipya lenye alama ya 2 kwenye kitako, yaani plastiki inayovumilia moto huo. Mimina maji ya kimea yakiwa moto, kamua hewa itoke, funga, lilaze ubavu ili moto uoshe na kifuniko, kisha liache lipoe. Kesho yake tia hamira, usilipitishe zaidi ya hapo. Hopsi za mwisho zitakuwa chungu kuliko kawaida kwa sababu zinaendelea kuiva ndani ya dumu, basi zipunguze kidogo.

Hamira ndiyo inayostahili fedha iliyobaki. Za kawaida zinataka nyuzi 18 hadi 22, na hapo ungehitaji friji. Agiza kveik, hamira ya mashambani Norwei. Ile aina ya Voss inapenda nyuzi 35 hadi 40, kwa hiyo chumba chenye bati lisilo na dari kinaifaa kuliko friji. Pakiti ya gramu 11 inatosha lita 20, na kwa lita 10 nusu yake inatosha. Iliyobaki ifunge vizuri uiweke kwenye friji.