Mwezi wa zamu: dada wa muda au mama jirani?

Ukipangiwa zamu ya usiku Mbeya, swali si nani atalala na watoto tu. Ni nani atamwamsha wa darasa la pili saa kumi na moja na nusu, Julai hii, maji ya bomba yanauma vidole na ukungu umefunika Uyole yote.

Hapo dada wa muda anashinda. Yuko ndani, anabandika chai, anainama kutafuta soksi ya pili chini ya kitanda, anamfikisha mtoto kituoni. Ila mwezi mmoja haumtoshi kuizoea nyumba, na juu ya mshahara kuna chakula, mahali pa kulala na nauli. Usidanganywe pia na "huyu ni mkubwa tu": Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Yaani saa zilezile unazomhitaji.

Mama jirani ana unafuu. Mtoto akitoka shule anapitiliza kwake, anakula makande na wenzake. Wangu siku moja alirudi na sweta la mtu, lake limelowa, na simu sikupigiwa. Sikununa, angalau alikuwa mkavu. Lakini usiku? Ana mume, ana wageni, ana vyumba viwili.

Mimi zamu za mchana humwachia jirani, hela kila Ijumaa kabla hajauliza. Za usiku namwita mdogo wangu kutoka Tukuyu, kamaliza chuo, anasubiri ajira. Nauli natuma mapema.