Filta ya katriji: mota nzuri, maelekezo yanaua samaki

Mota sina ugomvi nayo. Inazunguka kimya, na kuining'iniza ukingoni mwa tangi la samaki ni kazi ya dakika mbili. Kinachonichemsha ni mstari mmoja kwenye karatasi ya maelekezo: badilisha katriji kila baada ya wiki nne.

Nilitii. Siku chache baadaye amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, iliyokuwa sifuri, ikasoma miligramu 2 kwa lita, na samaki wakawa wanahema juu ya maji, matamvua mekundu. Ikikukuta hali hiyo, badilisha nusu ya maji siku hiyohiyo kwa maji yaliyoondolewa klorini, kisha sitisha chakula.

Hiyo katriji ni kitambaa chembamba chenye mkaa ndani, na kwenye filta hii bakteria hawana pengine pa maana pa kujishikiza. Hao ndio wanaogeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, isiyo kali kama hizo. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kuwakuza. Yaani mtu anayeanza anaambiwa awatupe jalalani wakati ndiyo kwanza wanashika kazi! Mkaa huchoka, ni kweli, lakini tangi la kawaida haliuhitaji. Kazi yake hasa ni kuondoa mabaki ya dawa na rangi ndani ya maji.

Kama umeshanunua filta hii, usiitupe. Kata sponji ya filta, iweke kati ya katriji na mdomo wa kumwagia maji, ibane vizuri maji yasipite pembeni. Viache pamoja wiki sita au zaidi, ndipo utoe katriji na usirudishe nyingine. Sponji ikiziba, ikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kwa sababu klorini ya bomba inaua bakteria. Hapo unakuwa na filta nzuri kweli, ya nyota nne.

Hapana, nafuta. Boksini wameweka na katriji za akiba, ili uendelee kununua. Nyota moja.

Kwa tangi la lita 40, anayeanza achukue filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Afunge valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye mrija, au aiweke pampu juu kuliko usawa wa maji. Vinginevyo umeme ukikatika, maji yatarudi kupitia mrija hadi ndani ya pampu.