Tahadhari kwa wenye magari ya rimoti Arusha na Moshi: muuzaji wa shokapu "za oili" zisizo na oili

Ndugu zangu mnaoendesha magari ya rimoti, haya madogo ya kuchezea, Arusha na Moshi, yupo muuzaji anayejitangaza kwenye makundi ya biashara ya mtandaoni kwamba anauza shokapu za oili za alumini na kwamba anaseti gari la aina yoyote. Baadhi ya shokapu anazouza hazina hata tone la oili, na gari unalomwachia akusetie linaweza kurudi bila vifaa ulivyomkabidhi. Yamenikuta mwezi Julai mwaka huu, na baada ya kuulizia nimempata mwenzangu wa Njiro na mwingine wa Moshi mjini ambao yaliwafika hayo hayo. Yule wa Moshi alituma gari lake kwa basi na likarudishwa kwa basi, kwa hiyo hakupata hata nafasi ya kulikagua mbele ya mhusika.

Sitaji jina lake wala namba yake. Namba aliyoitumia kwangu sasa haipatikani, na aliyoitumia kwa mwenzangu wa Moshi ni nyingine kabisa yenye jina jingine la usajili, hivyo jina halitamkinga mtu. Mtambueni kwa utaratibu wake: hana duka wala meza, hukutana na wateja nje, karibu na Soko la Kilombero au stendi, hakubali kufungua shokapu mbele ya mteja kwa madai kwamba vumbi litaingia, na kazi yake huipima kwa kulikandamiza gari mara moja tu.

Gari langu ni la kipimo cha 1:10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, linalovutwa na magurudumu yote manne, na shokapu zake za alumini nilizipata pamoja nalo. Mwezi Juni zile mbili za nyuma zilianza kuvuja, mkia ukawa unarukaruka kila nikipita kwenye matuta ya kiwanja tunachochezea, ambacho ni vumbi juu ya mawe, kama mnavyoijua ardhi yetu. Kilichohitajika kilikuwa kubadilisha oringi, zile pete za raba zinazozuia oili isivuje, na kujaza oili mpya, kazi ya jioni moja, na nakiri kwamba nilimpelekea kwa uvivu. Alinitajia shilingi 25,000 za setingi na 60,000 za spea, akakaa na gari siku nne. Siku ya kulichukua aliliweka juu ya boneti ya pikapu yangu, akalikandamiza kwa kiganja na kuliachia, likaruka juu kama limeshtuliwa. "Umeona linavyorudi, kaka? Hiyo ndiyo setingi." Nikamtumia hela yake kwa simu pale pale, na shukrani juu yake.

Jumapili iliyofuata, kwenye baridi ya asubuhi ya Julai, mbele ya gari palikuwa pagumu kama pamefungwa kwa waya, na nyuma palidunda kama mpira. Ilipofika saa saba mchana, jua likiwa limekwisha kupasha kiwanja, mbele pakalegea kiasi kwamba tumbo la gari lilikuwa linasugua chini. Hapo ndipo nilipopata shaka, maana oili ya silikoni, ambayo ndiyo ya shokapu hizi, haibadiliki sana kati ya asubuhi na mchana. Oili ya injini ndiyo yenye tabia ya kuwa nzito kwenye baridi na kuwa maji kwenye joto. Nyumbani nilifungua kizibo cha shokapu ya mbele kushoto, nikamimina kilichomo kwenye kifuniko cha chupa ya maji: oili nyeusi, yenye harufu ya gereji ya bodaboda. Oringi zake, ambazo ni za raba ya silikoni, zilikuwa zimevimba na kuubana mti wa pistoni, kwa sababu raba hiyo haipatani na oili ya injini. Za nyuma hazikuwa zangu kabisa. Zilikuwa za plastiki iliyopuliziwa rangi ya bluu, na nilipokwangua kwa ukucha rangi ikatoka. Ndani mlikuwa na grisi kidogo, basi.

Niseme kwa haki kwamba shokapu kavu, zisizotumia oili, si kitu haramu. Seti ya kawaida ya Tamiya TT-02, gari la rimoti la kujiundia mwenyewe, huja na za aina hiyo ndani ya boksi, na kwa mtoto anayeanza kwenye sakafu au lami zinatosha. Kosa ni kuzipaka rangi na kuziuza kwa bei ya alumini.

Inafaa nieleze kwa nini kile kipimo cha kiganja kilinidanganya, kwa kuwa ndicho atakachowaonyesha na ninyi. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuliinua. Oili ndiyo inayoizuia springi isiinue kwa pupa. Pistoni iliyomo ndani ina matundu madogo, na oili inapolazimika kupenya kwenye matundu hayo, mwendo wa kwenda juu na chini hupungua kasi. Kwa hiyo gari lililosetiwa vizuri, ukilikandamiza na kuliachia, huinuka kwa utulivu na kutua mahali pake bila kuyumba juu na chini. Linaloruka upesi ni lile lisilo na oili, au lenye oili nyepesi mno kwa springi zake. Mimi nilionyeshwa ubovu wenyewe mchana kweupe, nikaupokea kama sifa.

Alichokifanya yeye ni kukaza tu zile ringi za kurekebishia springi hadi karibu na mwisho. Wengi tunaamini kwamba ringi ikikazwa springi inakuwa ngumu zaidi, na yeye anaijua imani hiyo vizuri. Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wake na idadi ya mizunguko. Ringi hubadilisha kimo cha gari kutoka ardhini, na gari likiinuliwa kupita kiasi magurudumu hubaki bila nafasi ya kushuka yanapofika kwenye shimo. Gari la vumbi likiwekwa chini na betri yake ndani linatakiwa lizame kidogo lenyewe, mikono ya chini inayoshika magurudumu ikaribie kuwa sambamba na ardhi, na kutoka hapo ndipo mtu aongeze au apunguze kidogo kidogo kwa kadiri ya kiwanja chake. Langu lilisimama kama mbuzi juu ya kichuguu. Mwenzangu wa Njiro alitozwa shilingi 5,000 nyingine kwa kuhamishiwa vichwa vya shokapu kutoka tundu moja hadi jingine kwenye bamba la juu linaposhikizwa shokapu, kazi ya kufungua na kufunga skrubu. Kuzilaza zaidi kuelekea katikati hulainisha gari kweli, ila haina maana kuchagua matundu wakati ndani ya shokapu hamna kitu.

Atakayekutana naye, au na muuzaji yeyote wa shokapu zilizotumika, aombe kuvua springi kabla ya kutoa hela. Haichukui hata dakika moja. Asukume mti wa pistoni kwa kidole, taratibu, mpaka ndani. Shokapu yenye oili hupinga kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho, na ukiongeza kasi nayo huongeza upinzani. Shokapu kavu huenda bure, au hukwama hapa na kuachia pale. Ukisikia mlio wa kukoroma, ndani kuna hewa, maana aliyejaza hakuipandisha na kuishusha pistoni polepole na kusubiri mapovu yatoke kabla ya kufunga kizibo. Hilo ni kosa linalorekebishika na si utapeli, lakini lina haki ya kupunguza bei. Kisha zishike mbili zinazofungwa upande mmoja wa gari, mbele au nyuma, ulinganishe urefu, na uzisukume kwa pamoja kwa vidole gumba. Ikitangulia moja, hazikujazwa oili ya aina moja au kwa kiasi kimoja. Akikataa kabisa springi isivuliwe, rudisha hela yako mfukoni.

Kuhusu oili yenyewe, mimi alinionyesha kichupa kisicho na maandishi yoyote, akasema ni "uzito wa 40". Namba hizo za uzito hazilingani baina ya viwanda, ndiyo maana ni salama zaidi kulinganisha kwa cSt (sentistoki), kipimo cha uzito wa oili katika kutiririka: ile ambayo kiwanda cha Team Associated hukiita 30, kwa mfano, ni 350 cSt. Kichupa kisicho na jina la kiwanda wala cSt msikikubali, hata akiapa. Mkipenda kukijaribu, wekeni tone moja kwenye karatasi nyeupe, kwani oili ya silikoni ya shokapu kwa kawaida ni angavu na haina harufu ya gereji.

Nimeandikisha maelezo polisi na nimeituma namba yake kwenda 15040, ile ya kuripoti namba za utapeli. Najua shilingi 85,000 hazimnyimi mtu usingizi kituoni, lakini malalamiko matatu juu ya mtu mmoja husikilizwa kuliko moja, kwa hiyo ambaye yamemkuta naye aende, akiwa na ujumbe wa muamala na picha za gari kabla na baada. Risiti sikuwa nayo, na hilo ni kosa langu.

Shokapu zangu mbili za nyuma ama bado anazo ama ameshaziuza. Ni za alumini ya bluu. Moja ina mkwaruzo wenye umbo la V chini kidogo ya kizibo, nilioufanya kwa plaizi mwaka jana, na ya pili ina ringi nyeusi badala ya bluu kwa kuwa ile ya awali ilipotea kiwanjani. Aliyeuziwa simlaumu, wala sitamdai anirudishie bure. Namwomba tu aniambie alikutana naye wapi, siku gani, na alimtumia hela kwa namba ipi.