Chakula cha Mikindani na korosho za Mtwara

Wageni wengi hufika Mikindani, takribani kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, kwa ajili ya Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, ambalo siku hizi ni hoteli. Mimi nilifuata chakula. Kwa mama lishe mmoja karibu na ufukwe nilikula wali wa nazi kwa changu wa kuchoma, aliyepakwa ndimu na chumvi tu, ngozi yake ikiwa imekauka na kupasuka huku nyama ya ndani ikibaki na majimaji yake. Pilipili, nakiri, ilinishinda. Huduma haina haraka, kwa hiyo asiagize mtu mwenye basi la kuwahi.

Korosho ni afadhali kuzinunua sokoni Mtwara. Vunja moja kwanza: iliyokaangwa vizuri hukatika kwa mlio, iliyopata unyevu hupinda. Muuzaji mmoja wa njiani aliwahi kunifungia mfuko uliokuwa na korosho nzima juu na vipande vitupu chini. Vinyago vya Wamakonde navyo vipimwe uzito mkononi, kwa kuwa mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu huweza kuuzwa kwa bei ya mpingo.