Sindano au kuumikwa kwa mgongo uliokaza?

Mkulima wa zabibu wa Hombolo anayeumwa mgongo miezi mingi, na anayeweza kufika Dodoma mjini kila wiki, ajaribu sindano za Kichina (akyupancha: sindano nyembamba zisizo na dawa, zinazochomwa mwilini): ushahidi wake ni mzuri zaidi. Hukaa mwilini dakika 20 hadi 30. Kila moja ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja tu; ikizama mno kifuani hutoboa pafu.

Mwenye nauli ya siku moja, kuumikwa kwa vikombe vikavu, yaani vinavyovuta ngozi bila kuichanja, kwa dakika 5 hadi 15 kwaweza kumlegeza misuli. Alama hubaki siku kadhaa. Chuku ya kuchanja, yaani kuumikwa kwa kukata ngozi ili damu itoke, ni jambo jingine: wembe mchafu huambukiza homa ya ini. Mwenye upungufu wa damu aiache kabisa.

Miguu ikifa ganzi au mkojo ukizuilika, hospitali leo hii.